Baridi ya Uyole, Joto la Injini na Lita za Dizeli

Mwezi Julai, saa kumi na moja alfajiri, hewa ya Uyole, jijini Mbeya, huwa imeshuka chini ya nyuzi 10, na malori yaliyolala kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, mpakani na Zambia, huwa yamelowa umande kana kwamba yamenyeshewa. Utingo anapanda kwenye kichwa cha lori, anapiga stata, injini inakoroma mara mbili tatu kabla ya kushika, kisha wingu la moshi mweupe linajaa uwanja mzima, likiwa na harufu ya dizeli mbichi inayowasha macho. Baada ya hapo lori linaachwa liungurume. Dereva ananawa uso, anakunywa chai na chapati kwa mama lishe, anakagua kamba na turubai, anapiga simu moja mbili, na lori linaendelea kuunguruma. Nusu saa baadaye anarudi kwenye usukani na kutazama geji ya joto. Mshale ambao alitarajia kuukuta katikati umejiinua kidogo tu kutoka chini.

Geji hiyo si mbovu. Lori hilohilo lingeondoka mapema na kutembea taratibu kwa dakika kumi au kumi na tano, mshale ungekuwa umefika mahali pake, na dizeli iliyotumika ingekuwa imelisogeza lori kilomita kadhaa mbele badala ya kuishia hewani. Wengi wetu tuliolelewa kando ya barabara hii tumekua tukiamini kwamba injini ya dizeli hupashwa kwa kuachwa iungurume. Ukweli ni kwamba injini hiyo hupata joto kwa kazi, na anayeelewa sababu yake ataelewa pia mahali ambapo mafuta mengi hupotelea kwenye milima yetu, tangu Kitonga kule Iringa hadi Iwambi hapa Mbeya, kwa kuwa hesabu zote mbili ni hesabu ya joto.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwashia moto. Hewa iliyovutwa ndani ya silinda hukandamizwa na pistoni hadi ibaki na nafasi ya sehemu moja kati ya 16 au 18 ya ile iliyokuwa nayo, na kule kukandamizwa peke yake kunaipandisha joto kupita nyuzi 500. Nozeli inaponyunyiza dizeli kwenye hewa hiyo, dizeli inawaka yenyewe. Yeyote aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono na kushika mrija wake baada ya kumaliza anaijua kanuni hii, maana mrija huwa wa moto bila kuwekwa kwenye jiko.

Alfajiri ya baridi kanuni hiyo inadhoofika. Kuta za silinda, pistoni na kichwa cha injini ni chuma kilicholala usiku kucha kwenye baridi, na injini nzima ya lori kubwa ina uzito wa tani moja hivi, kwa hiyo chuma hicho kinainyonya hewa joto lake kabla nozeli haijanyunyiza kitu. Betri nayo ikiwa imezorota kwa baridi, stata inazungusha polepole, na hewa inapata muda mrefu zaidi wa kunyonywa. Sehemu ya dizeli inaungua, na sehemu nyingine inatoka kwenye bomba la moshi kama matone madogo mno yanayoelea mfano wa ukungu. Moshi mweupe unaowasha macho, basi, si mvuke wa maji peke yake. Ndani yake mna dizeli ambayo tajiri amekwisha kuilipia na ambayo haikuungua.

Kwa nini basi kuungurumisha lori hakumalizi tatizo hilo haraka? Mwendo wa kuunguruma bila kutembea, ambao mafundi wetu wanauita sailensi, huichomea injini ya lita 12 au 13 takribani lita 3 za dizeli kwa saa. Injini hiyohiyo ikipanda mlima na mzigo kwa nguvu zake zote huchoma lita 70 au zaidi kwa saa. Moto wa sailensi ni sawa na jiko lililobakiwa na makaa mawili, nasi tunalitaka lichemshe sufuria ya harusi.

Liko jambo la pili, ambalo ni madereva wachache waliowahi kuelezwa. Injini ya petroli ina kilango kinachobana hewa mguu unapoachia pedali ya mafuta, lakini injini nyingi za dizeli hazibani hewa kwa namna hiyo, bali hupunguza dizeli tu huku hewa ikiendelea kuingia kwa wingi uleule. Injini ya lita 12 inayozunguka mara 600 kwa dakika huvuta pumzi 300 katika kila silinda, kwa sababu kila pumzi inahitaji mizunguko miwili, na jumla yake ni lita 3,600 za hewa katika dakika moja. Hewa hiyo inaingia na baridi ya Uyole na kutoka imebeba joto ambalo tulitaka libaki kwenye chuma. Moto ni mdogo na upepo unaopita juu yake ni mkubwa, kwa hiyo hata ukiungurumisha lori hadi jua lichomoze juu ya Uporoto, mshale utapanda kwa kusitasita, na kwenye baridi kali unaweza usifike mahali pake kabisa.

Hasara ya lita moja na nusu kwa nusu saa inaweza kuonekana ndogo, ingawa kwa siku 250 za kazi inakuwa lita 375 kwa lori moja. Mimi naiogopa zaidi hasara inayofanyika ndani, mahali pasipoonekana. Dizeli isiyoungua haitoki yote kwenye bomba. Nyingine hugusa ukuta wa silinda uliopoa, huosha utando mwembamba wa oili unaozilinda ringi za pistoni, kisha huteremka hadi kwenye karta, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuipunguza oili uzito wake. Maji nayo yanafuata njia hiyohiyo. Si watu wengi wanaojua kwamba kila lita ya dizeli inayoungua huzaa takribani lita moja ya maji, yakiwa mvuke, kwa kuwa haidrojeni iliyomo kwenye mafuta huungana na oksijeni ya hewa. Injini yenye joto huutoa mvuke huo wote nje bila madhara. Injini iliyopoa huacha sehemu ndogo yake ipenye kwenye ringi, igande kuwa matone ndani ya karta, na kuchanganyika na oili.

Ushahidi wake ni rahisi kuupata. Chukua lori ambalo kazi yake ni kuwashwa, kuungurumishwa, kusogezwa uwanjani na kuzimwa, fungua kifuniko cha kumiminia oili, kisha pitisha kidole upande wake wa ndani. Utakuta utando mzito kama malai, rangi yake ya chai iliyojazwa maziwa. Huo ni mchanganyiko wa oili na maji. Hapa lazima niweke tahadhari, kwa sababu utando wa namna hiyo unaweza pia kutokana na gasketi ya silinda hedi iliyopasuka na kuruhusu maji ya rejeta kuingia kwenye oili. Kinachotofautisha mambo haya mawili ni maji ya rejeta yenyewe: yakiwa yanapungua kila siku, mwite fundi upesi, yakiwa hayapungui, na oili iliyo kwenye stiki ya kupimia ni safi, lori limekosa tu safari ndefu ya kulitoa jasho.

Tabia ya kuungurumisha lori alfajiri haikuzuka kwa ujinga, na sipendi kusikia vijana wakiwadharau wazee kwa ajili yake. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake Novemba 1965 na Zambia ikalazimika kutafuta njia ya bahari upande wa Dar es Salaam, malori yaliyobeba mafuta na shaba yalipita nyanda hizi kwenye barabara ambayo sehemu kubwa haikuwa na lami. Oili nyingi za zama zile zilikuwa za gredi moja, na oili ya namba 40 kwenye baridi ya Makambako huwa nzito kama asali. Kusubiri kulikuwa na maana. Oili zinazotumika leo kwenye malori mengi, kama 15W-40, zimetengenezwa ziwe na tabia mbili: namba iliyotangulia herufi W inaeleza wepesi wake wakati wa baridi, na ile ya pili inaeleza uzito wake injini inapokuwa na joto. Chomoa stiki ya oili alfajiri uitazame ikidondosha. Oili ya 15W-40 hujivuta kidogo, lakini hutiririka, na presha yake hupanda ndani ya sekunde chache tangu injini kushika.

Hata hivyo zipo sababu mbili za haki za kusubiri. Ya kwanza ni hiyo presha ya oili, ambayo inahitaji sekunde chache tu, na katika sekunde hizo kupiga resi ni kosa kubwa, kwa kuwa mhimili wa turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, ambao unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, unakuwa bado haujapata oili ya kuelea juu yake. Ya pili ni upepo wa breki. Lori lililolala na kupoteza upepo hushikwa na springi za breki, na springi hizo haziachii mpaka kompresa ijaze matangi. Kwa lori lisilovuja hilo ni suala la dakika chache. Kwa lori linalovuja linaweza kuchukua robo saa, na hapo ndipo dereva anapodhani anapasha injini, kumbe anangoja upepo.

Kwa hiyo mwenendo unaofaa ni kuwasha, kutazama presha ya oili, kuzunguka lori na kukagua matairi na taa wakati upepo unajaa, kisha kuondoka ndani ya dakika tatu hadi tano. Kuondoka huko lakini kuna adabu yake. Mguu unakuwa mwepesi, gia zinabadilishwa mapema, mizunguko ya injini haipiti 1,500 hivi kwa dakika, na nguvu zote hazidaiwi mpaka mshale wa joto ukaribie nyuzi 70. Uso wa barabara unaweza kuharibu mpango huu. Lori lililolala Mbalizi likielekea mjini Mbeya linakutana na kilima cha Iwambi likiwa bado na usingizi, na hapo dereva hana ujanja ila kushuka gia moja zaidi ya ile aliyoizoea na kupanda kwa nusu ya nguvu, akubali kuchelewa dakika mbili. Lililolala Makambako lina bahati, kwa kuwa mbele yake pana kilomita nyingi zisizo na mlima mkali.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linawapotezea wenye malori wa nyanda za juu dizeli nyingi kuliko kuunguruma kwa alfajiri, nalo ni themostati zilizong'olewa. Themostati ni kilango kidogo cha shaba chenye nta ndani yake. Maji ya injini yakiwa ya baridi, kilango hufunga na kuyazungusha maji ndani ya injini tu, bila kuyapeleka kwenye rejeta, ili chuma kipate joto haraka. Maji yanapofika nyuzi 80 au 88, kutegemea aina ya injini, nta huyeyuka, hutanuka na kusukuma kilango kifunguke. Fundi anayekabiliana na lori linalochemsha mara nyingi hukimbilia kukitoa kilango hiki, akiamini kwamba maji yakipita wazi muda wote injini haitachemsha tena.

Matokeo yake ni kwamba lori la namna hiyo likitembea usiku wa Julai kati ya Mafinga na Makambako, kwenye tambarare isiyodai nguvu nyingi, hukimbia na nyuzi 50 au 60 safari nzima. Dereva huona mshale uko chini na kufurahi, akidhani injini yake ina afya, wakati ambapo ndani ya silinda hali ya alfajiri inaendelea muda wote: dizeli inagusa kuta zilizopoa, oili inabaki nzito na kuila nguvu ya injini, maji hayakauki kwenye karta, na ringi zinalika. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi themostati inapofunguka upande wa rejeta huziba wakati huohuo njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini. Ikiondolewa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji haiendi kupozwa kabisa, na lori linapofika Kitonga mchana na mzigo linachemsha kuliko mwanzo. Tiba imezaa ugonjwa uleule iliotumwa kuuponya.

Ukitaka kujua kama themostati ipo na inafanya kazi, hauhitaji kufungua kitu. Kwenye malori mengi ambayo themostati iko upande wa juu wa injini, shika mpira wa juu wa rejeta mara baada ya kuwasha injini iliyopoa. Themostati ikiwa nzima, mpira utabaki wa baridi kwa muda huku geji ikipanda, kisha ghafla utapata moto mkononi mwako kilango kinapofunguka. Mpira ukianza kupata uvuguvugu pole pole tangu dakika za mwanzo, sambamba na injini, kilango hakipo au kimekwama kikiwa wazi.

Kwa nini lakini malori yanachemsha hata mafundi wakafikia hatua hiyo? Zipo sababu nyingi, kuanzia rejeta iliyoziba kwa kutu hadi mkanda wa feni uliolegea, lakini kuna moja inayotuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko watu wa pwani. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ina mgandamizo wa asilimia 80 hivi tu ya ule wa Dar es Salaam, na maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94, jambo ambalo kila mama anayepika maharage Mbeya analijua kwa muda unaomchukua. Rejeta inafungwa na kifuniko chenye springi kwa sababu hiyo: springi inayashikilia maji chini ya mgandamizo, na kwa mgandamizo huo hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Springi ikilegea, au mpira wa kifuniko ukiliwa, lori linakuwa na maji yanayochemka kwenye nyuzi 94 na themostati inayofunguka kwenye 88. Nafasi iliyobaki ni nyuzi 6. Mlima wowote utaimaliza. Kifuniko kipya ni moja ya vipuri vya bei nafuu kabisa kwenye lori, nacho ndicho cha kwanza ninachoomba kitazamwe kabla mtu hajagusa themostati.

Tukishapata injini yenye joto lake, swali linakuwa inautumiaje moto huo. Tuchukue lori lenye tela na mzigo, jumla tani 50, ambazo ziko ndani ya kikomo cha tani 56 kinachoruhusiwa Afrika Mashariki. Likitembea kilomita 80 kwa saa kwenye lami iliyo bapa kabisa, linahitaji kusukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 500 hivi. Kilo kama 300 zinamezwa na matairi yanayojikunja kila yanapozunguka, na 200 zinamezwa na upepo. Mwinuko wa mita 1 tu kwa kila mita 100, ambao macho ya abiria hayauoni, unaongeza kilo 500 nyingine. Mwinuko usioonekana umezidisha mzigo wa injini mara mbili! Hii ndiyo sababu dereva anayetoka Igawa akipita Chimala na Igurusi anahisi lori limekuwa zito kabla hata hajauona mlima wowote.

Kwa upande wa dizeli hesabu ni hii. Kuzipandisha tani 50 kwa mita 100 za wima kunahitaji takribani lita 3 na nusu, nje ya zile zinazoliwa na matairi na upepo. Kutoka tambarare ya Usangu hadi Uyole ni mita 600 au zaidi za wima, kwa hiyo kuna lita 20 na ushei ambazo hakuna dereva duniani anayeweza kuzikwepa. Mlima unadai haki yake. Kinachobaki mikononi mwa dereva ni kutolipa mara mbili, na malipo ya mara mbili hutokea anapouanza mlima kwa gia isiyofaa, akashuka gia tatu katikati ya mlima, lori likapoteza mwendo kila alipokanyaga klachi, kisha akalazimika kuununua upya mwendo huo kwa dizeli. Anayeutazama mlima mapema, akauingia na mwendo alionao na gia itakayomfikisha mbali, injini ikivuta kati ya mizunguko 1,000 na 1,500 ambapo ina nguvu nyingi ya kuvuta kwa mafuta kidogo, huyo analipa mara moja tu.

Wapo wanaodhani kwamba kukanyaga pedali hadi chini ni uharibifu siku zote. Sivyo. Injini inayovuta kwa bidii kwenye mizunguko ya chini hutoa kazi nyingi kwa kila lita kuliko ile inayolia kwenye mizunguko 2,000 ikiwa imekanyagwa nusu, kwa sababu ya pili inatumia sehemu kubwa ya moto wake kujisugua yenyewe. Mlio mkali mlimani, basi, mara nyingi ni dalili ya dizeli inayopotea. Kwenye mteremko maana yake inageuka kabisa, na hapa ndipo pana kosa linaloua watu.

Dereva anayefika juu ya Uyole akielekea Inyala na Igurusi anaona mbele yake kilomita za kushuka, na rafiki yake amekwisha kumwambia kwamba ukipiga fri, yaani ukiachia gia huru lori liteleze lenyewe, unaokoa mafuta. Lori likiwa fri, injini haizungushwi tena na matairi, kwa hiyo lazima ichome dizeli ya sailensi ili isizime. Lori likiwa kwenye gia na mguu umeachia pedali, matairi ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu, iwe ya zamani au ya kompyuta, hukata dizeli kabisa mpaka mizunguko ishuke karibu na sailensi. Injini inalia kwa sauti kubwa kwenye mizunguko 1,800 na haijanywa hata tone. Aliyeko kwenye fri, aliye kimya, ndiye anayechoma mafuta.

Malori mapya kadhaa yana mfumo unaoiweka gia huru wenyewe kwenye vimteremko vidogo, na dereva aliyeuona anaweza kusema kwamba wenye viwanda wamemuunga mkono. Ni kweli kwamba kwenye kimteremko hafifu, ambapo injini kwenye gia ingelipunguza lori mwendo mpaka uhitaji kukanyaga tena, kuteleza kunaokoa kidogo. Kompyuta huupima mteremko, mwendo na uzito, na kuirudisha gia mara lori linapotaka kukimbia. Mteremko huu wa Mlima Nyoka si wa namna hiyo hata kidogo.

Zile tani 50 zikishuka mita 600, joto linalopaswa kwenda mahali fulani, pamoja na kiasi kinachomezwa na matairi na upepo, lingetosha kupasha tangi la maji la lita 1,000 kutoka nyuzi 20 hadi 90. Ama joto linalobaki baada ya matairi na upepo litolewe kidogo kidogo na injini, kwa msaada wa breki ya ekzosi, ile inayobana njia ya moshi, ama liingie lote kwenye madramu ya breki. Dramu zikipata moto mwingi hutanuka na kuziacha nyuma bitana, yaani vipande vinavyoisugua dramu ili ishike, bitana zenyewe hupoteza mshiko, na dereva hukanyaga pedali ambayo haishiki kitu. Miteremko ya Mbeya imekwisha kuchukua roho za watu wengi mno kwa njia hii, wakiwemo waliokuwa kwenye daladala na pikipiki chini ya mlima, wasiojua lolote kuhusu gia ya lori lililo nyuma yao. Kanuni ya zamani, kwamba ushukie gia uliyopandia, ilifaa malori dhaifu ya zamani. Lori la leo lenye nguvu za farasi 400 hupanda na gia kubwa kuliko ile inayoweza kulizuia likishuka, kwa hiyo dereva achague gia ndogo zaidi ya hiyo, tena aichague kabla ya kuuanza mteremko.

Kwenye tambarare hakuna mengi ya kusema. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo anayetoka kilomita 80 kwa saa, ambazo ndizo kikomo cha magari makubwa, hadi 90, ameongeza mzigo wa upepo kwa robo nzima. Matairi yenye upepo pungufu hujikunja zaidi na kupata moto, na moto huo pia umetoka kwenye tangi la dizeli.

Kuna wakati mwingine ambapo sailensi ni ya lazima, nao ni pale lori linapomaliza kupanda na dereva anataka kusimama, kama wanavyofanya wengi wakishaipanda Kitonga na kufika Ilula kununua nyanya. Moshi uliokuwa ukiizungusha turbo ulikuwa na joto la nyuzi 500 au zaidi, na oili inayopita ndiyo inayoupoza mhimili wake. Injini ikizimwa papo hapo, oili iliyobaki mle inasimama na kuungua hadi iwe masizi magumu. Dakika tatu za kuunguruma zinatosha, au mwendo mwepesi kwenye kilomita mbili za mwisho.

Foleni ya Tunduma ni habari nyingine. Huko malori husimama kwa saa nyingi, na wengi huungurumisha injini usiku kucha. Saa nane kwa lita 3 ni lita 24, ambazo zinafika kiasi kilekile kilicholipandisha lori lote na mzigo wake kutoka Usangu hadi Uyole. Ukiwauliza madereva, wachache watakutajia baridi, na blanketi nzito inaimaliza hiyo. Wengi watakwambia kwamba wakizima, upepo wa breki utakwisha, na foleni ikisogea watashindwa kuondoka kwa wakati. Wanasema kweli, ila tatizo lao haliko kwenye injini. Usiku huohuo wa foleni ndio mzuri wa kulitafuta: lori liwe mahali tambarare na matairi yawekewe vizuizi, zima injini, nyamaza, sikiliza mlio mwembamba wa hewa chini ya tela, kisha paka povu la sabuni kwenye kila unganisho la mpira wa upepo. Panapotoa mapovu ndipo panapoinywa dizeli yako ya alfajiri.